BWAWA LA SHAMBANI: MWENYE SHAMBA NA FUNDI WAPATANE KABLA YA JEMBE

Kila mwaka, jua linapokuwa kali mwezi wa Agosti na Septemba, wakulima wengi wa upande wa Matiliku huanza kufikiri juu ya maji. Mvua zetu za kutegemewa zaidi ni zile za Oktoba mpaka Desemba, na mkulima mwenye akili hataki zimkute hana mahali pa kuzihifadhi. Basi hutafutwa fundi, vigingi hupigwa, sururu na mabeleshi huletwa, na bwawa huchimbwa. Hilo ni jambo jema sana. Lakini sisi tulio ofisini twaona jambo jingine pia. Baada ya miezi michache, watu wale wale waliochimba pamoja huja mezani kwetu hawasemezani, kila mmoja akitaka karani aandike neno lake kwanza.

Makala hii yaeleza jinsi mwenye shamba na fundi wanavyoweza kuelewana tangu siku ya kwanza mpaka bwawa lijae. Inawahusu wote wawili, maana katika skimu zetu mtu aliye mwenye shamba leo huenda kesho akawa fundi kwa jirani yake.

Ugomvi wa mita 12

Mama mmoja alipatana na kijana fundi amchimbie bwawa la mita 12 kwa mita 10, kina mita 2. Malipo yalikuwa kwa kila mita moja ya ujazo. Wakazidisha: 12 mara 10 mara 2, jawabu 240. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, basi mama akahesabu kuwa atapata lita 240,000. Kwa hesabu hiyo akapanda nyanya na kuweka kitalu cha miche ya maembe.

Mvua ikanyesha, bwawa likajaa mpaka juu. Mama akafurahi. Lakini kiangazi kilipoingia, maji yalishuka upesi kuliko alivyofikiri, na nyanya zilikuwa bado na maua. Mwanawe akachukua utepe akapima. Kule juu aliona mita 12 kwa 10, sawasawa. Kule chini aliona mita 8 kwa 6 tu.

Wakaja ofisini. Mama alisema, "Mwanangu, umeniibia." Fundi akajibu, "Mama, kipimo ni kile kile tulichosema." Na wote wawili walisema kweli. Fundi alilaza kando za bwawa, kama ipasavyo, ili udongo usiporomoke. Hakuwa mwizi. Kilichokosekana ni swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza: mita 12 za wapi, za juu, za chini, au za katikati?

Tulipopiga hesabu upya, ujazo ulikuwa mita 160. Mama alikuwa amelipia mita 80 ambazo hazikuchimbwa. Fundi naye alikuwa amekwisha kuwalipa wachimbaji wake, hana kitu cha kurudisha. Mwishowe walipatana kwamba fundi achimbe shimo la kukamata matope na ajenge uzio bila malipo. Wakapeana mikono. Lakini nyanya za msimu ule zilikuwa zimekwisha kukauka, na mapatano hayakuzirudisha.

Kwa nini zamani hatukuandikiana?

Mtu aweza kusema, "Wazee wetu walichimba bila karatasi." Ni kweli. Skimu ya Makueni ilipofunguliwa katika miaka ya 1940, vichaka vilikatwa ili mbung'o waondoke na watu wapate kukaa. Chini ya mpango wa serikali ya kikoloni ulioitwa ALDEV, ulioanza mwaka 1946, mabwawa mengi yalijengwa Ukambani. Bwawa la namna ile lilikuwa la watu wengi. Nasi tuna desturi yetu ya mwethya: leo twachimba kwako, kesho kwangu. Mwethya hauhitaji karatasi, maana deni lake hulipwa kwa jasho, na kila mtu aliona kazi kwa macho yake.

Lakini fundi wa kuajiriwa si mwethya. Huyu huchukua fedha na kwenda zake, naye mwenye shamba hubaki na shimo. Hapo ndipo yafaa kukumbuka methali: mali bila daftari huisha bila habari. Nilipofunzwa ualimu, tulifundishwa kuwa hesabu isiyoandikwa haiwezi kusahihishwa. Ndivyo ilivyo na mapatano.

1. Fundi aulize kwanza, asipime kwanza

Fundi mwema akifika shambani huweka utepe mfukoni na kuuliza. Maji ni ya nini: mboga, miche, ng'ombe, au samaki? Yatumike kwa siku ngapi? Nani atakayeyateka kila siku? Ni nani mwenye neno la mwisho juu ya shamba hili?

Swali hili la mwisho ni kubwa. Mara nyingi fundi hupatana na baba, kumbe anayelima mboga na kubeba mitungi ni mama. Bwawa huchimbwa karibu na barabara ili lionekane, na bustani iko mbali upande wa pili. Au hupatana na kijana wa kiume, kumbe shamba bado ni la mzee. Basi fundi aombe wenye nyumba wote wakae pamoja, watembee shambani pamoja, na vigingi vipigwe mbele yao. Vigingi vikae siku chache kabla ya kuchimba. Kigingi huhamishwa kwa mkono mmoja, lakini shimo halihamishwi.

2. Hesabu ya ujazo wa kweli

Katika udongo mgumu, kila mita 1 ya kwenda chini, kando huingia ndani mita 1. Katika udongo wa mchanga hulazwa zaidi. Kwa hiyo chini hupungua kuliko juu. Hesabu nyepesi ni kuchukua kipimo cha katikati, yaani nusu ya kina. Kwa bwawa la yule mama:

Juu ni mita 12 kwa 10. Chini ni mita 8 kwa 6. Katikati ni mita 10 kwa 8. Zidisha 10 mara 8 mara kina cha mita 2, jawabu ni mita 160 za ujazo, yaani lita 160,000. Hiyo ni mitungi 8,000 ya lita 20.

Fundi na mwenye shamba wafanye hesabu hii pamoja, kwa kalamu, kabla ya kutaja bei. Kama malipo ni kwa mita ya ujazo, basi yawe kwa mita zilizochimbwa kweli. Na kama fundi aona kwamba kulaza kando na kuzisawazisha ni kazi ya ziada, aseme bei yake waziwazi, asiifiche ndani ya kipimo.

3. Maji hayatakaa yote

Hapa ndipo fundi wengi huogopa kusema kweli, wakidhani mteja atakimbia. Jua na upepo hunywa maji. Siku ya kiangazi bwawa lililo wazi laweza kupoteza karibu nusu sentimita. Kwa siku 100 hiyo ni nusu mita. Katika bwawa tulilotaja, nusu mita ya juu ni zaidi ya lita 54,000, yaani theluthi moja ya maji yote. Karatasi ya plastiki huzuia maji yasizame ardhini, lakini haizuii jua.

Basi katika lita 160,000, zinazobaki za kutumia ni kama lita 106,000. Kwa siku 100 ni lita 1,000 kwa siku, yaani mitungi 50. Bustani ya mboga yahitaji kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kila siku. Kwa hiyo bwawa hili litalisha bustani ya mita 20 kwa 10. Si eka moja, wala si nusu eka. Mteja anayeambiwa hivi mapema hupanda kwa kiasi chake na kuvuna. Asiyeambiwa hupanda sana, kisha humlaumu fundi.

Yafaa pia kuuliza maji yataingia kutoka wapi. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya hektari moja huleta lita 200,000. Lakini sehemu kubwa huzama ardhini. Kama robo tu yatiririka, ni lita 50,000. Basi bwawa lahitaji mvua tatu au nne za namna hiyo ili lijae. Kama mahali pa kukusanyia maji ni padogo, bwawa kubwa litakuwa shimo kubwa lenye maji machache.

4. Udongo na mwamba

Kabla ya kupatana bei, yachimbwe mashimo mawili au matatu ya majaribio, mpaka kina kinachotakiwa. Kazi hii ilipwe peke yake, hata kama bwawa halitachimbwa. Mashimo hayo huonyesha kama kuna mwamba, mchanga, au njia za mchwa. Jazeni shimo moja maji jioni, mwangalie asubuhi. Yakiwa yamekwisha, bwawa lile halitashika maji bila karatasi.

Mwamba ndio mama wa ugomvi. Fundi akiufikia katikati ya kazi hudai nyongeza, na mwenye shamba huona anatishwa. Kwa hiyo andikeni mapema: tukikuta mwamba, kazi itasimama, tutautazama pamoja, kisha tutachagua kupunguza kina, kuhamisha bwawa, au kuongeza malipo kiasi fulani. Asiongeze mtu neno peke yake.

5. Nani anunue karatasi ya plastiki?

Wengine huita karatasi hii laina. Ni kitu cha bei kubwa kuliko vyote katika bwawa, na makosa yake hayatengenezeki. Mtu huona bwawa ni la mita 12 kwa 10 akanunua karatasi ya mita 12 kwa 10. Ikitandikwa, haifiki hata ukingoni.

Hesabu yake ni hii. Chini ni mita 8. Kando zinazolala, kwa kina cha mita 2, zina urefu wa karibu mita 2 na sentimita 83 kila moja. Ongeza mita 1 kila upande ya kuzika katika mtaro wa kuzunguka. Jumla yake ni mita 15 na sentimita 66. Upande wa pili, kwa njia hiyo hiyo, ni mita 13 na sentimita 66. Basi inunuliwe ya mita 16 kwa 14.

Shauri letu ni kwamba karatasi isinunuliwe mpaka shimo limekwisha na kupimwa na wote wawili. Fundi aandike kipimo na kutia sahihi, mwenye shamba anunue na kuweka risiti. Kama kipimo kilikuwa kibaya, lawama ni ya fundi. Kama mwenye shamba alinunua pungufu ya kilichoandikwa, lawama ni yake. Tena fundi aondoe mawe na mizizi yote kabla ya kutandika. Ikitobolewa na jiwe lililoachwa chini, ni kazi ya fundi kuiziba. Ikitobolewa na kwato za mbuzi, ni juu ya mwenye mbuzi.

6. Malipo na nyongeza

Usilipe yote mwanzoni, wala usimfanye fundi achimbe mpaka mwisho kwa njaa. Gawanyeni mafungu. Fungu la kwanza hulipwa wachimbaji wakianza. La pili, shimo likipimwa. La tatu, karatasi ikitandikwa na mfereji wa maji ya ziada ukikamilika. Kisha fungu dogo, kama sehemu moja ya kumi, lingoje mvua ya kwanza kubwa. Mvua ndiyo mkaguzi asiyepokea chai. Kila fungu liandikwe, na kama limelipwa kwa simu, ujumbe wake usifutwe.

Kuna na neno lile dogo, "Fundi, hebu ongeza kidogo." Mwenye shamba hulisema akipita, naye fundi kwa heshima hujibu, "Sawa, mzee." Mita 2 zaongezwa kwa urefu. Karatasi iliyokwisha kununuliwa sasa ni fupi kwa mita 2, na hakuna aliyekubali kulipa. Kanuni iwe hii: hakuna nyongeza mpaka imeandikwa na bei yake. Fundi asione haya kusema, "Mzee, ngoja nilete daftari."

7. Watoto na majirani

Bwawa lenye karatasi huteleza sana. Mtoto akiingia, na hata mtu mzima, hawezi kupanda kutoka bila kitu cha kushika. Kwa hiyo uzio ni sehemu ya bwawa, si pambo. Ndani zifungwe kamba mbili tatu zenye mafundo, zilizokazwa kwenye vigingi imara juu. Mapatano yaseme nani atajenga uzio na lini. Nasi twasema hivi: maji yasiruhusiwe kuingia kabla uzio haujafungwa. Fundi akiona mteja ataka kuacha uzio ili aokoe fedha, asikubali. Ugomvi wa fedha huamuliwa barazani, lakini mtoto aliyezama haamuliwi popote.

Jirani naye huhusika, ingawa hakuwako siku ya kupatana. Maji ya ziada yakitoka, yaenda wapi? Yakishuka katika shamba lake na kubomoa matuta yake, bwawa lako litakuwa limekununulia adui. Mtembeleeni kabla ya kuchimba, mwonyesheni mfereji utakapopita. Na kama mtu ataka kuziba kijito au mto, hilo ni jambo jingine kabisa. Kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2016 lahitaji kibali, na aulize kwanza Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Fundi asikubali kuanza kazi hiyo kwa neno la mteja tu.

Mfano wa karatasi ya mapatano

Huhitaji maneno ya wakili. Ukurasa mmoja wa daftari watosha. Andikeni nakala mbili:

"Leo tarehe ...... sisi, mwenye shamba ...... na fundi ......, tumepatana hivi. Bwawa litakuwa juu mita ... kwa ..., chini mita ... kwa ..., kina mita .... Ujazo ni mita .... Maji ni ya kazi ya ....... Kazi itaanza ...... na kwisha ....... Fundi ataleta ....... Mwenye shamba ataleta ....... Chakula cha wachimbaji ni juu ya ....... Udongo utatupwa upande wa ......, usiwe karibu na ukingo. Malipo ni shilingi ...... kwa mafungu haya: ....... Tukikuta mwamba tuta....... Uzio na kamba ni kazi ya ......, na utakwisha kabla maji hayajaingia. Fundi atarudi kutazama bwawa baada ya mvua kubwa ya kwanza. Nyongeza yo yote itaandikwa nyuma ya karatasi hii."

Kisha sahihi zenu mbili, na shahidi mmoja kila upande. Asiyejua kusoma asomewe polepole na mtu anayemwamini, si na yule wanayepatana naye.

Baada ya mvua ya kwanza

Fundi wengi hupotea baada ya kulipwa. Yule anayerudi ndiye atakayeitwa tena. Arudi mvua ikisha kunyesha, atazame kama shimo la matope limejaa, kama mfereji wa ziada umekatika, kama karatasi imevutwa mahali. Amfundishe mwenye shamba kuondoa matope katika lile shimo kabla ya kila msimu, maana tope lisilozuiwa pale huingia bwawani na kuchukua mahali pa maji. Mabwawa mengi ya zamani yalikufa kwa matope.

Mwenye shamba naye ana wajibu wake. Akiona kasoro, amwite fundi kwanza kabla ya kumtangaza sokoni. Na kazi ikiwa nzuri, asiinyamazie. Siku ya soko la Matiliku neno moja la mteja aliyeridhika lampa fundi kazi ya msimu mzima.

Yule mama wa mita 12 amechimba bwawa la pili, na fundi ni yule yule. Safari hii walikuja ofisini kabla ya kuchimba, wakaomba kalamu. Nilipowauliza, "Bwawa ni mita ngapi?" wote wawili walijibu kwa pamoja, "Za juu, au za katikati?" Nikajua kuwa hawatarudi na ugomvi.